Mashine Inatiwa Mafuta

Kondo wa nyumba ya pili anadai, na akidai jambo huapa kwa kaburi la babu yake, kwamba siku serikali ilipokuja kukagua kiwanda cha sufi, paka wa kiwandani alirudi kutoka matembezini, akachungulia mlangoni, akageuka akaenda zake. Alidhani kakosea nyumba. Sakafu imenyunyizwa maji, inang'aa kama sinia la shaba. Madirisha yote wazi. Watu wamepangwa mstari, kila mmoja na kitambaa cheupe puani, kimepigwa pasi. Na ile mashine kubwa, anasema, imefunikwa shuka kama bibi harusi anayengoja kutolewa nje.

"Paka yule mpaka leo yuko kwa Mhindi wa maziwa kule Keko," Kondo humalizia. "Kakataa kurudi. Anasema pale si kwao."

Watu wa Temeke humcheka. Kondo ni Mzaramo, na Mzaramo ukimnyima maneno ni sawa na kumnyima nazi. Lakini Genoveva binti Kasimiri hakuwahi kuicheka hadithi hiyo. Siku ile alikuwako, yeye ndiye aliyepewa ndoo ya kunyunyizia maji. Kondo kazidisha paka tu. Mengine yote ni kweli.

Genoveva alikuwa anafanya kazi banda la nje pamoja na wanawake wenzake, wakipasua maganda ya sufi na kuitoa kwa vidole. Kazi ya kukaa chini na kutazama. Alikuwa amesoma kwa masista mpaka darasa la nne, akaachishwa mama yake alipougua, na tangu hapo akili yake yote ilihamia machoni. Kutoka bandani aliuona mlango wa chumba cha mashine, alikokuwa baba yake. Huko ndiko sufi ilikopigwa ili itengane na mbegu. Ikipigwa hutoa vumbi jembamba na nyuzi zisizoonekana, na wanaume waliotoka humo jioni walikuwa weupe nyusi na kope, kama wazee waliozeeka kwa siku moja.

Madirisha ya chumba hicho yalikuwa yamepigiliwa misumari. Si kwa ukatili. Sufi haina uzito. Ukifungua dirisha, upepo wa bahari unaichukua, na sufi iliyochukuliwa na upepo ni mali ya kampuni iliyopotea. Sheria ya serikali nayo ilitaka hewa ipite, na mtu wa vumbini afunikwe pua. Sasa mambo mawili hayo yangekaaje nyumba moja? Kampuni iliona njia. Bwana Mkaguzi, Mzungu wa serikali, kabla hajaja hupiga simu, maana kwa Wazungu kumwingilia mtu bila hodi ni utovu wa adabu. Simu ikilia tu ofisini, Benedikto nyapara hutoka mbio akipiga makofi: "Wageni kesho! Wageni!" Misumari inang'olewa, mashine inazimwa, vitambaa vinatolewa stoo. Mgeni akiondoka, vitambaa vinakusanywa, misumari inarudi mahali pake.

Na watu waliipenda siku hiyo! Hilo ndilo lililomkereketa Genoveva alipokuja kulifikiri baadaye. Wenye vifua vibaya waliambiwa walale nyumbani, na siku yao ilihesabiwa kama ya kazi, hata wenyewe wakaiita Sikukuu ya Kikohozi. Waliobaki walipumzika, wakavaa safi, wakatazamwa. Baba yake, Kasimiri, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu kama mlingoti, hakukubali kulala nyumbani hata mara moja. Alikunywa asali na ndimu tangu alfajiri ili kifua kitulie, akasimama mbele ya mstari. Mkaguzi akiuliza kama kuna shida, Kasimiri ndiye aliyejibu kwa sauti yake nene ya kanisani: "Hakuna shida, bwana. Tunashukuru."

Siku moja Genoveva alimuuliza, "Baba, mbona hukumwambia?"

Kasimiri alishangaa kweli. "Mwanangu, mgeni anakuja kwako, amevaa soksi mpaka magotini, umpokee kwa shida zako? Mgeni hukaribishwa. Shida tunazo sie wenyewe, za nini kumpa mtu wa watu?"

Ndivyo alivyolelewa. Mgeni haonyeshwi jiko linalofuka moshi. Hakujua kwamba mgeni huyu, peke yake kati ya wageni wote, kazi yake ilikuwa ni kuonyeshwa jiko.

Kasimiri alifariki mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa, watoto wa shule walipogawiwa vibendera. Mwishoni alikuwa anapumua kama mtu anayevuta maji kisima kirefu kwa kamba fupi. Kampuni haikuwatupa. Ilileta mbao za sanduku na lori la kuchukua watu makaburini, na meneja mwenyewe alisimama nyuma ya lori ameshika kofia mkononi. Kisha Benedikto akaleta ujumbe, na uso wake ulionyesha anaona fahari kuuleta: nafasi ya marehemu haitapewa mtu baki. Itabaki mlemle nyumbani. Alfonsi, kaka yake Genoveva, aanze Jumatatu.

Mama yao, Margareta, alilia upya kwa kushukuru. "Wametukumbuka," alisema. "Wangapi hawakumbukwi?"

Alfonsi alichukua kofia ya kazi ya baba yake, akaijaribu. Ilimkaa sawasawa. Genoveva alipoiona ile kofia juu ya kichwa cha kaka yake, na chini yake zile nyusi ambazo bado zilikuwa nyeusi, alimfuata mama yake jikoni.

"Mama," alisema walipobaki wawili jikoni, "asiende chumba kile. Wampe kazi ya magunia, huko nje kwa kina Kondo."

"Utachagua wewe? Kampuni ni ya baba yako?"

"Chumba ndicho kilichomuua baba."

Margareta aliacha kupepeta mchele. "Mungu ndiye aliyemchukua baba yako. Usije ukayasema hayo mbele ya Benedikto, yule kijana wa watu ametuletea mbao kwa mikono yake. Ukishamaliza kusema, Genoveva, tutakula maneno yako?"

Genoveva aliuchukua ungo, akaendelea kupepeta yeye. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Majirani walijaa uani tangu asubuhi, Wakristo na Waislamu, na ubani wa jirani yao Bibi Mauwa ukachanganyika na harufu ya pilau. Benedikto alikuja na kifurushi cha sukari. Akaja pia Audax Kamugisha, kijana wa Bukoba, karani wa Idara ya Kazi. Huyu alikuwa akiimba sauti ya chini na marehemu kwaya moja, bega kwa bega, kila Jumapili. Tena ndiye aliyekuwa mkalimani wa Bwana Mkaguzi kila walipokwenda kiwandani. Alifika na baiskeli yake, suruali ameifunga kibanio kifundoni, akaamkia wazee wote mmoja mmoja, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," mpaka akafika kwenye mkeka.

Baada ya sala, kabla ya chakula, Kondo akaingia kwa mlango wa nyuma. Kila mtu akajua kuna mambo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana haki zake. Akija kukuzuia kaburi, unamsihi. Akitaka nguo ya marehemu, anapewa. Akisema, haulizwi.

"Nani kafa hapa?" Kondo aliuliza kwa ukali.

"Mtani wako," wazee walijibu.

"Mtumwa wangu kafa bila kuniaga? Aliyekuja hapa mjini na pembe ya ndovu begani, nikamfundisha kula samaki? Haiwezekani! Nipeni nguo zake nimtafute!"

Wanawake walicheka huku wakipangusa machozi. Genoveva akatoa shati la kazi lililokuwa limetundikwa msumarini tangu siku ile baba yake aliporudi nalo kwa mara ya mwisho. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifua. Kondo alilikung'uta. Likatoa wingu jeupe, sufi ikaelea katika jua la uani, ikatua juu ya pilau, juu ya vilemba, juu ya mkono wa koti la Audax.

"Huyu hapa!" Kondo alisema. "Hajafa, alikuwa kajificha humu ndani!"

Akalivaa. Kondo alikuwa mfupi, shati likamfika magotini, lakini alijinyoosha, akatunisha kifua, akaanza kutembea kwa ule mwendo wa Kasimiri wa kutanguliza kidevu, na watu wakapiga kelele, "Ndiye! Ndiye huyo!" Alfonsi naye alikuwa anacheka, kofia imemshuka usoni.

"Leo siku gani?" Kondo aliuliza kwa sauti nene ya marehemu.

"Siku ya wageni!" wakajibu watu wa kiwandani.

"Basi fungeni pua, tufungue madirisha!" Akachukua leso ya Bibi Mauwa akajifunga usoni. "Karibu, bwana, karibu sana! Hapa kwetu ni hewa tupu. Tunakula hewa mpaka tunacheua!" Akaruka upande wa pili, akawa Mkaguzi, mikono nyuma, akizungumza kwa pua maneno yasiyo na maana. Kisha akaruka katikati, akakaza tai ambayo hana, akasema kwa lafudhi ya Bukoba, "Bwana anauliza, mashine mbona imelala?"

Watu walimgeukia Audax wakicheka. Audax naye alicheka. Ungefanyaje, mtani haguswi.

"Mashine inatiwa mafuta, bwana!"

"Bwana anauliza, na mara ile tulipokuja?"

"Ilikuwa inatiwa mafuta, bwana!"

"Na mara ya kabla ya ile?"

Ua mzima ukaitikia kama kanisani: "Inatiwa mafuta!"

"Mashine gani hii, ndugu zangu?" Kondo aliwageukia, mikono kiunoni. "Kila mgeni akija, mafuta! Ingekuwa ni mke wangu, kwa mafuta hayo isingepita mlangoni!"

Bibi Mauwa alicheka mpaka akashikwa mbavu. Benedikto alinong'ona, "Kondo, yatosha," akataka kuinuka, lakini mzee mmoja alimshika goti. "Kaa, mwanangu. Mtani hana kesi."

Genoveva hakuwa anamtazama Kondo. Alikuwa anamtazama Audax. Aliuona mdomo wake bado umekaa kicheko, lakini macho yameacha kucheka, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka nyuma. Kwa kila lile "inatiwa mafuta", yeye ndiye aliyeligeuza Kiingereza. Kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mgeni kaondoka," Kondo alisema. "Leteni vitambaa!" Akajifungua leso, akaikunja vizuri, akamkabidhi Benedikto kwa mikono miwili, akiinama. Akapigilia misumari hewani. Akawasha mashine kwa mdomo, vuuu. Kisha akaanza kukohoa.

Mwanzo watu walicheka. Kikohozi kilikuwa chenyewe: kile kinachoanza kama mtu anayesafisha koo, kinasimama, kinavuta, halafu kinashuka chini mahali pasipo na mwisho. Kondo alikuwa akikisikia kila siku kupitia ukuta wa udongo. Alikohoa akiinama, akashika nguzo kama Kasimiri alivyokuwa akiishika, na kicheko kikapungua hapa, kikapungua pale, mpaka ikasikika sufuria peke yake ikichemka. Margareta alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Kondo alitakiwa aseme neno la kuchekesha amalize. Hakulipata. Alikaa chini, shati la marehemu limemjaa magotini, akalia kama mtoto.

"Mtani analia!" Bibi Mauwa alisema baadaye, sauti yake nayo imekwaruza. "Haijapata kutokea. Atoe kuku wa faini."

Watu wakapata pa kupumulia. Sahani zikaanza kupita.

Audax hakula. Aliomba maji. Genoveva alimpelekea kikombe nje, upande wa barabara, alikokuwa amesimama kando ya baiskeli yake.

"Pole, dada," alisema. "Pole sana."

"Tumekwisha poa, Bwana Karani."

Alikunywa kidogo. "Mie nilidhani ni kifua chake cha kuzaliwa. Kwaya pale, kila akikohoa, namwambia, mzee, punguza baridi ya alfajiri." Akatikisa kichwa. "Sivyo. Nisikudanganye. Nilikuwa na wasiwasi. Lakini mtu ukiambiwa hakuna shida na mwenye shida mwenyewe, utaandika nini?"

"Sheria inasema lazima mpige simu kwanza?"

Audax alimtazama kama mtu aliyeguswa kidonda. "Sheria inasema tunaweza kuingia saa yoyote ya kazi. Mchana wowote. Bila hodi."

"Sasa simu ya nini?"

"Ni ustaarabu. Bwana wetu si mtu mbaya, dada. Yuko peke yake na gari moja, kutoka hapa mpaka Morogoro. Meneja anakaa naye kwenye kamati ya kuishauri serikali juu ya sheria hiyohiyo. Jioni wanacheza tenisi pamoja. Siku moja aliandika maneno makali kuhusu kiwanda kingine, wenye kampuni wakasema, vema, tutafunga, tutahamia Mombasa, na watu wako wote wakalale njaa. Aliitwa juu akaulizwa. Toka hapo anapiga simu." Alizungusha kikombe mkononi. "Na mie ni mkalimani. Nakaa nyumba ya serikali, nina mama yangu na wadogo zangu humo ndani. Natafsiri ninachoambiwa."

Genoveva alisikiliza yote. Hakuona mtu wa kumchukia humo. Meneja alishika kofia mkononi, nyapara alileta mbao, Mkaguzi alikuwa na gari moja. Baba yake mwenyewe alikunywa asali na ndimu ili asikohoe mbele yao. Kila mmoja alikuwa amemstahi mwenzake, na katikati ya heshima hiyo yote palikuwa na chumba kimoja kilichopigiliwa misumari.

Kutoka uani ilisikika sauti ya Alfonsi akitaniwa na wenzake. "Mnyamwezi mpya huyo! Jumatatu utatoka mweupe kama Mzungu, mkeo hatakujua!" Alfonsi akajibu, "Atanijua kwa mshahara!" Wakacheka.

"Unamsikia?" Genoveva aliuliza.

"Namsikia."

"Ni kaka yangu. Anachukua nafasi ya baba, Jumatatu. Mama amekubali, naye mwenyewe amekubali. Mie siwezi kumzuia mtu mzima asifanye kazi. Na sitaki kampuni ifungwe, Bwana Karani. Na mie nakula hapohapo. Nataka waone tu. Wakishaona, wajue wenyewe la kufanya, wana feni, wana akili, wana ile sheria."

"Waone nini?"

"Mashine inayokwenda."

Unyuzi wa sufi ulikuwa umemganda Audax kwenye mkono wa koti. Aliupangusa, ukahamia vidoleni, akaupangusa tena, ukarudi kwenye koti.

"Kuna mlango wa nyuma, wa magunia," Genoveva aliendelea, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Haufungwi mchana, malori yanapakia. Kondo yuko pale. Mkipita hapo mnatokea moja kwa moja chumba cha mashine, kabla Benedikto hajafika kutoka getini. Hata dakika moja inatosha. Hata asiulize mtu kitu. Mkiuliza watawaambieni hakuna shida, sie ndivyo tulivyo. Asimame tu mlangoni apumue."

"Dada..."

"Wewe ndiye unayekaa naye garini. Mwambie barabara ya mbele mbovu. Mwambie lolote. Wewe una maneno ya pande zote mbili, mie nina ya upande mmoja." Alipokea kikombe kutoka mkononi mwake, akakishika kwa mikono yote miwili. "Njooni Jumatatu, Bwana Karani. Msipige simu. Mtakuja?"

Mlangoni alikuwa ametokea Alfonsi, kofia ya baba yake kichwani, sahani ya pilau mkononi. "Karani! Unaondoka hujala? Mzee angekasirika!"

Audax alimtazama, akamtazama Genoveva. Kisha akainama kufunga kibanio cha suruali ili isinaswe na mnyororo wa baiskeli. Kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi. Alikifungua, akakifunga tena, na Genoveva akasimama palepale na kikombe chake, akingoja ainue uso.